Hatua Mbili na Kuinama

Mwaka wa sabini na nne nilikuwa Nyeri, nikipiga karing'aring'a, ule mduara wa chuma unaogongwa kwa kijiti cha chuma, katika bendi ya Khisa. Khisa alikuwa karani wa serikali, mtu wa Bungoma, na gita alilijua. Lakini aliyetupatia jina ni Mzee Theuri na kodiani yake, kinanda cha kuvuta alichonunua kwenye mnada wa mzungu aliyefunga shamba wakati wa uhuru. Kwa mwomboko, ile dansi ya Wakikuyu ya hatua mbili na kuinama, hakuwa na mwenzake kutoka Gakindu mpaka Gatitu.

Basi Khisa akaenda Nairobi, akarudi na sahani ya santuri ya salsa, muziki wa dansi wa Kolombia, huko Amerika ya Kusini. Hoteli moja ya Kenol, mji ulio njiani kwenda Nairobi, ilikuwa inataka bendi ya salsa Jumapili mchana. Tuliisikiliza kwa baa ya Warigia pale Gatitu, tena na tena. Tarumbeta tupu. Khisa akasema salsa ni muziki wa mjini, haina mahali pa kinanda cha wazee. Angemleta Moffat na tarumbeta yake, na kwenye pikapu ya kwenda Kenol kodiani haingepata nafasi. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepanga viti.

Theuri aliomba sahani irudishwe mwanzo. Akasikiliza, kichwa chini.

"Hii ni mwomboko," akasema. "Ati salsa. Hawa watu wametuibia."

Tulicheka. Khisa akamuuliza kama mwizi alipitia Thika akielekea Kolombia.

Kesho yake Theuri alibeba kodiani mgongoni mpaka zahanati ya misheni, nami nikamfuata. Kulikuwa na sista wa Kolombia, Sista Inesi, anayefunga watu vidonda, na Theuri alimtaka awe shahidi wa wizi huo. Akaketi kwenye benchi kati ya wagonjwa, akapiga ile sehemu ya tarumbeta kwa kodiani. Sista akatoka nje na bendeji mkononi.

Alituambia kwao kaskazini wachungaji wa ng'ombe walizunguka mashambani na kodiani, ngoma na kijiti cha kukwaruza, wakiimba habari: nani ameoa, nani ameibiwa ndama. Wengine walipuliza filimbi ndefu zenye kichwa cha nta ya nyuki. Watoto wao walipohamia mijini wakachanganya hayo na salsa iliyotoka ng'ambo, na sauti ya filimbi na ya kodiani wakaipa tarumbeta. Theuri akauliza kama kodiani basi ni ya kwao. Sista akacheka, akasema ilikuja na meli, watu husema ni ya Wajerumani.

"Kwa hivyo si mwomboko," Theuri akasema polepole.

"Hapana, mzee. Lakini hivyo ulivyopiga, baba yangu angetoka nje kusikiliza."

Khisa alipoelezwa alisema hadithi ni nzuri, ila mwenye hoteli si sista. Mwishowe akakubali wimbo mmoja. Watu wakikaa chini bila kucheza, Theuri asirudi kwa bendi.

Kule Kenol Moffat alipuliza vizuri sana. Watu walipiga makofi wakiwa wameketi na soda zao. Kisha Theuri akavuta wimbo uleule wa sahani, nami nikagonga chuma. Mwanamume mmoja na mkewe wakasimama, wakashikana, wakapiga hatua mbili, wakainama, kama kwenye mwomboko. Wengine wakafuata. Muda si mrefu ukumbi wote ulikuwa unainama kwa salsa ya Kolombia.

Khisa alisogea karibu na Theuri. "Mzee, wanacheza makosa."

Theuri hakuacha kuvuta. "Wanacheza, Khisa."

Mwenye hoteli aliomba wimbo huo urudiwe, na safari hii Moffat akaingia na tarumbeta juu yake. Tulipopakia, Khisa aliiweka kodiani mbele, kando ya dereva, akamwambia Theuri akae nayo. Yeye akapanda nyuma na sisi, akala vumbi mpaka Gatitu.