Zawadi Alizozirudisha Marzouq

Siku mbili kabla ya Idi ya mwaka 1998, saa saba na nusu mchana, Marzouq wa posta alisimama mlangoni kwa Bi Mahfoudha, mjini Ibra. Mkono mmoja ulishika kamba ya mbuzi, wa pili kanzu iliyokunjwa.

Laith, mjukuu wa Bi Mahfoudha, alimwona kutoka dirishani.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kurudisha."

"Marahaba. Kurudisha nini, mwanangu?"

"Kanzu ya Idi ya mwaka jana. Nimeivaa mara mbili tu. Nyama ya mwaka juzi tulishaila, basi nimeleta mbuzi."

Bi Mahfoudha alishika mwimo wa mlango. Tangu miguu imshinde, ni Marzouq aliyempitishia barua za dada yake wa Unguja, kazi asiyoagizwa na mtu, na bibi kila Idi humpa kitu. Na zawadi ya Idi hairudishwi. Anayeirudisha amekata udugu.

"Nimekukosea nini, Marzouq?"

"Hujanikosea, bibi. Ni amri ya serikali, na natakiwa kwa mkubwa wangu kabla ya saa nane." Akamfunga mbuzi mlangoni, akaondoka bila kugeuka.

Amri hiyo, na historia iandike, ilitungwa na Laith mwenyewe juu ya paa la nyumba hiyohiyo. Laith alikuwa na miaka kumi na sita, msomi wa shule ya bweni, ambako alifundishwa hesabu na akajifunza kuchonga mihuri kwa kiazi. Likizo ilimchosha. Akapiga taipu kwa Kiarabu kizito: kila mtu wa posta arudishe zawadi zote za Idi alizowahi kupokea, kisha apeleke orodha yake, yenye saini, kwa mkubwa wake kabla ya saa nane. Akaigonga mhuri, akaichomeka mlangoni kwa Marzouq. Alitaraji Marzouq aisome, acheke, aseme, "Huyu Laith huyu!" Kwamba mtu mzima angeiamini, hilo halikumpitia akilini.

"Anakwenda wapi sasa, bibi?"

"Kwa mkubwa wake. Ana watoto watano, masikini. Wakimfukuza kwa ajili ya zawadi zetu..."

Laith alitoka mbio. Kandambili moja ilikatika njiani, akaiacha. Alipoingia posta, saa nane kasoro dakika tano, Marzouq alikuwa amesimama mbele ya meza ya Hamood, mkuu wa posta, na orodha ilishafika mikononi mwa Hamood.

"Ammi Hamood, usisome!"

"Salamu kwanza, kijana."

"Asalaam alaykum. Usisome! Hakuna amri. Barua nimeandika mimi. Mhuri ni kiazi."

Marzouq aligeuka polepole. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Laith.

"Kiazi?"

"Kiazi, ammi."

"Barua ya huyu ni ya uongo," Hamood alisema. "Lakini orodha yako, Marzouq, ni ya kweli. Miaka kumi na mmoja ya zawadi, na saini yako chini. Mtumishi wa serikali haruhusiwi. Nimeshaiona. Unataka niseme sikuiona?"

Kofia ya Marzouq ililowa jasho.

Hamood aliendelea kusoma, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Tende. Kitambaa. Tende tena. Kwenye mstari wa tisa kidole kikasimama. Laith alichungulia: *Nyumba ya Bwana Hamood, sahani ya halua kila Idi, kwa mkono wa Mama Fawziya.*

Mama Fawziya alikuwa mke wa Hamood.

"Hii nayo umeiandika?"

"Amri ilisema zote, bwana."

"Na umerudisha?"

"Asubuhi. Nilinunua nyingine dukani, nikampelekea. Mama alilia."

Hamood aliikunja orodha mara nne, akaitia mfukoni. Hakuichana.

"Nenda kwako, Marzouq. Tutaonana baada ya Idi."

Marzouq alimpita Laith kama anayepita nguzo.

"Na wewe," Hamood alisema, "nyumba zilizo kwenye orodha hii ni kumi na nne. Utaingia moja moja, kabla ya magharibi, useme kwa kinywa chako ulichomfanyia mtu huyu. Anzia kwangu."

Laith alifika, mguu mmoja pekupeku, akabisha. Mama Fawziya alifungua, macho mekundu, na nyuma yake sahani ya halua ilikuwa sakafuni, haijaguswa.

"Mjukuu wa Mahfoudha! Karibu, baba. Una nini?"

Laith alivua kandambili iliyobaki. Mama Fawziya akangoja.

"Mama," alianza, "Marzouq hakukurudishia. Nilikurudishia mimi."