Alama Nyekundu kwenye Nati

Baba wa binti huyu alikuwa fundi injini kwa miaka arobaini, na kuhusu turbo, ile feni ya kusukumia injini hewa, alikuwa na neno moja tu: "Injini iliyozaliwa kuvuta hewa yenyewe, ukiipulizia kwa nguvu utaiua." Binti akamwomba gari lake alifunge turbo, lile lililokuwa likipanda mlima kwa gia ya kwanza huku likikoroma. Mzee akakubali kwa sharti: likifika kileleni kwa gia ya tatu, gereji yake inakuwa ya binti. Injini ikivunjika, binti anarudi kuziba pancha, tena bila ubishi.

Binti hakutishika. Kazi aliijua, na alijua kwamba anaijua. Aliweka gasketi nene ili pistoni zisiibane hewa kupita kiasi, akabadilisha nozeli za mafuta, akaivutia turbo bomba lake la oili. Presha ya turbo aliiwekea kikomo cha chini, maana mtaka yote hukosa yote. Kila nati aliyomaliza kuikaza aliipiga mstari wa rangi nyekundu ya kucha, toka kwenye nati hadi kwenye chuma chake, ili ikiguswa ajue. Kaka yake alicheka mpaka akakaa chini.

"Dada, injini inakwenda harusini?"

Siku ya kupanda, mzee alikuwa ameshaketi mbele, mkanda kifuani. Binti akafunua boneti kwa mara ya mwisho. Mstari kwenye nati ya kikomo cha presha ulikuwa umekatika.

Hasira zikampanda. "Kaka! Nani kakutuma uongeze presha?"

"Mimi? Haki ya Mungu sijagusa!"

Alikuwa karibu kumshushua alipokumbuka kwamba nati ile hufunguliwa kwa spana namba kumi, na namba kumi haikuwahi kukaa kwingine ila mfukoni mwa koti la baba. Akaenda dirishani, akanyoosha mkono. Mzee akaitoa bila kumtazama. Mdomo wa spana ulikuwa na rangi nyekundu.

"Baba! Si wewe uliyesema turbo inaua?"

"Jana nililizungusha gari mtaani kidogo," mzee akanong'ona. "Likavuta vizuri, mwanangu, we acha tu. Nikaona niongeze nusu mzunguko."

Binti akairudisha nati mahali pake, akaipiga mstari mpya, akashika usukani. Gari likaupanda mlima wote kwa gia ya tatu, mzee akijipiga goti kwa furaha kila kona.

Kileleni mzee akanyoosha kiganja. "Haya, spana yangu."

"Kwanza, gereji ya nani?"

"Yako."

"Basi spana za gereji yangu hazikai mfukoni mwa abiria."