Bitana ya Gauni la Mama

Mikoba ile miwili ya mgongoni aliishona Fundi mwenyewe, kwa cherehani yake ya miguu, miaka sita kabla ya safari. Miaka sita, jamani! Wengine hiyo miaka wanaolewa, wanaachika na kuolewa tena. Yeye na rafiki yake Chiriku walikuwa wakipanga tu: watapanda mabasi ya kawaida, wafuate pwani siku tatu, kisha wakate kona kupanda milimani kwenye yale maziwa matatu ambayo picha zake zilibandikwa ukutani kwa Fundi, juu ya pasi.

Mikoba ilikuwa ya turubai. Bitana, yaani kitambaa cha ndani, ilitoka kwenye gauni la mama yake Fundi, la maua ya zambarau. Mama alilitoa kabatini mwenyewe. "Kateni," alisema. "Miguu yangu imegoma. Angalau gauni langu litayaona hayo maziwa." Mkoba mmoja akabaki na Fundi, mwingine akachukua Chiriku.

Kisha mama akalala kitandani, na safari ikalala naye. Fundi akawa wa kushona mchana na kuuguza saa zote. Kila alipoomba radhi, Chiriku, mhudumu wa duka la dawa mwenye mdomo usiojua likizo, alimjibu kwa kiapo: "Mwenzangu, bila wewe siendi hata stendi!" Walikuwa chanda na pete, na Fundi aliamini hivyo bila kuuliza risiti.

Mama alifariki mwaka jana, wakati wa mvua kubwa. Chiriku hakuja kuzika. Alipopigiwa simu alilia, sauti imekauka: homa kali, hawezi hata kuketi. Fundi akamzika mama bila bega la kulilia, watu wakichota maji kaburini kwa ndoo.

Sasa, hatimaye, walikuwa safarini. Siku ya kwanza Chiriku alimsukumia kiti cha kushoto. "Kaa hapo, bahari yote iko upande huo."

"Umejuaje?"

"Nimesoma, mwenzangu. Wewe unajua vitambaa tu."

Wakacheka. Na kweli, bahari ilikuwa kushoto, barabara imeng'ang'ania mwamba, na Fundi akashika mdomo kama mtoto. Laiti macho yangeshiba, angerudi nyumbani palepale.

Usiulize fundi anaangalia nini akiingia chumbani mwa mtu. Anaangalia mishono. Asubuhi ya tatu, katika nyumba ya wageni yenye vitanda vya chuma, Chiriku alikuwa anaoga na mkoba wake umening'inia mlangoni. Mkanda wa kulia ulikuwa umeshonwa upya. Uzi mnene, umepakwa nta, mishono mirefu ya mkono. Huo si uzi wa Fundi. Huo ni uzi wa viatu. Na mkoba uliokaa juu ya kabati miaka sita unakatikaje mkanda?

"Mtoto wa dada aliuning'inia kama bembea," alisema Chiriku akijifuta masikio. Fundi akajisuta kwa kuuliza.

Njia ya mwongo ni fupi, tunaambiwa. Hii ilikuwa na siku tatu nzima, lakini ikafika mwisho kwenye stendi ile barabara inapoiacha pwani na kuanza kupanda. Basi lilisimama nusu saa. Karibu na choo alikaa fundi viatu mwenye kofia ya sufu. Alipouona mkoba wa Chiriku, akanyoosha sindano kwa furaha.

"Dada! Mkanda wangu bado unashika? Si nilikwambia utakuzika?"

Chiriku akajitia hamnazo, akajifanya anatafuta maji ya kunywa. Yule bwana, maskini, alidhani amesahauliwa, akamgeukia Fundi kumsaidia kukumbuka. "Huyu na wenzake wa kazini walikwama hapa siku tatu, wakitoka ziwani. Mwaka jana, mvua ilipobeba daraja. Tulicheza nao karata mpaka tukachoka."

Daraja. Fundi alilikumbuka vizuri. Redio ilikuwa ikilitangaza daraja hilo asubuhi waliyokuwa wakichota maji kaburini.

Akapanda basi, akakaa, akafunga mkanda wa kiti ambao hakuna abiria mwingine aliyeufunga. Milima ikaanza, baridi ikaingia dirishani. Kona kumi zilipita.

"Ilikuwa wiki moja tu," Chiriku akasema mwishowe. "Wenzangu walinishawishi. Nikasema nitarudi kabla hujajua, halafu tukija wawili nitajifanya mgeni. Ndipo ukapiga simu kwamba mama amefariki, na daraja halipo. Ningekwambia niko wapi?"

"Ungeniambia uko wapi."

"Niliona aibu."

"Na ile siku nilipokuja kwako?"

Siku ile, wiki moja baada ya maziko, Fundi alikuwa amebeba chungu cha supu kwa mguu, mtaa mzima, macho yamevimba, kumpelekea mgonjwa. Mgonjwa alikuwa kitandani, kavaa sweta na skafu.

"Uliinywa," alisema Fundi. "Mabakuli mawili. Mimi sijala tangu msibani, nakushikia bakuli, nakuambia pole. Na wewe ukaitikia!"

Abiria wa mbele akageuka. Fundi hakujali. Alilia kwa sauti, kilio ambacho hakukimaliza makaburini.

Walishuka ziwa la kwanza saa kumi alasiri. Maji yalikuwa ya kijani, yametulia, milima imejilaza ndani yake kichwa chini. Fundi aliyatazama mara moja tu. Akakaa kwenye benchi la stendi, akauvuta mkoba wa Chiriku magotini, akatoa vitu kimoja kimoja na kuvipanga: nguo, mswaki, chupa ya mafuta. Kisha akatoa mfukoni kifaa chake kidogo cha kufumulia mishono, akaanza kukata mishono aliyoishona mwenyewe. Hakuharakisha. Kazi ya kufumua ukiifanya kwa hasira unachana nguo, na nguo haikuwa na kosa.

"Unafanya nini?" Chiriku akauliza.

"Mama alitaka gauni lake liyaone maziwa. Wewe ulilileta huku siku zile namfukia."

Bitana ikatoka nzima. Akaikung'uta, akaikunja, akamrudishia mkoba wake wa turubai tupu, na mkanda wa fundi viatu umeshika kweli kweli.

"Sasa vitu vyangu nitaviweka wapi? Mshono wa chini wote umeachia!"

"Waulize wenzako wa kazini."

Basi la kwenda ziwa la pili lilikuwa linapiga honi. Fundi akapanda peke yake. "Kaka," alimuuliza kondakta, "ziwa linaonekana upande gani?"

"Kulia, dada."

Akakaa kulia, lakini kiti cha dirishani akakiacha. Akakitandikia maua ya zambarau, akayanyoosha kwa kiganja kama anayapiga pasi. Njiani abiria mmoja akamwinamia. "Samahani, hapa pana mtu?"

"Pana mtu," alisema Fundi.