Kitambaa cha Manjano Dirishani

Mtu aliyebisha hodi asubuhi ile hakuwa mteja. Fundi alilijua hilo kabla hata hajaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, maana wateja wake hupiga hodi wakiwa wameshaingia na mikono iko ndani ya vitambaa vyake. Huyu alibaki nje ya kizingiti. Uso wake ulikuwa umeungua kwa jua, isipokuwa duara mbili kuzunguka macho, kama amevaa miwani iliyotengenezwa kwa ngozi yake mwenyewe. Kwapani alikuwa na shuka jipya, bado liko kwenye mfuko wake.

"Samahani, dada," alisema. "Natafuta nyumba yenye kitambaa cha manjano."

"Karibu. Vya manjano vipo. Unataka cha pazia au cha foronya?"

"Si cha kununua." Alijikuna shingo. "Cha kupunga. Kuna mtu alikuwa ananipungia kutoka dirisha la juu, mtaa huu huu. Nyumba ya kwanza wamenifukuza, wanasema namtafuta mke wa mtu. Ya pili wameniuzia shuka."

Siku nyingine fundi angecheka mpaka ashike mbavu. Siku hiyo mkasi ulimtoka mkononi, ukaanguka sakafuni, na hakuuokota.

"Wewe ndiye wa bawa," alisema.

"Ndiye mimi, dada. Rubani wa lile bawa jekundu. Nimepita juu hapa mara kadhaa, sikioni kitambaa. Nikasema, mtu akizoea kusalimiwa halafu salamu ikakatika, si vibaya akauliza. Amehama?"

"Amefariki."

Rubani aliliweka shuka lake chini polepole, kama mtu anayemtua mtoto aliyelala.

Aliyekuwa akipunga ni mdogo wake fundi. Kila mtu alimwita Mjusi, hata mama yake, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupaka rangi majengo marefu, akining'inia kwa kamba ukutani huku akipiga mluzi; la mwisho alilipaka kijani. Kimo hakikumtisha. Kilichomwangusha hakikutoka juu wala chini. Kilitoka ndani ya uti wa mgongo wake mwenyewe. Kilianza kama maumivu ya kawaida ya kazi, madaktari wakakipa jina refu, na miguu ikafa kabla ya mwenyewe. Wakakihamishia kitanda chake chumba cha juu, kando ya dirisha, angalau awe anaona mbingu.

Na mbinguni kulikuwa na mabawa. Nyuma ya mji kuna kilima, na juu ya kilima watu huruka kwa mabawa makubwa ya kitambaa na mabomba mepesi, hayana injini, yanabebwa na upepo tu. Hupita juu ya mapaa ya watu na kwenda kutua kwenye mchanga wa pwani. Mengine hubeba watu wawili, rubani na mgeni, wamelala kifudifudi bega kwa bega kama watoto wanaochungulia uvunguni.

Siku moja Mjusi alichukua kipande cha manjano kilichobaki kwenye pazia la mteja, akakipunga. Bawa jekundu likalala upande huu, kisha upande ule, ndipo likaendelea na safari.

"Dada! Dada we! Amenijibu!"

"Ni upepo huo," fundi alisema akiwa chini.

"Upepo gani unaojua adabu?"

Tangu hapo ikawa desturi. Bawa jekundu likipita, kitambaa hupungwa, na bawa huinama mara mbili. Mjusi alikuwa akiisubiri saa hiyo kama wengine wanavyosubiri chakula. Nyumba ile ilikuwa imeanza kunuka dawa na woga, lakini saa hiyo ilinuka upepo.

Kisha bawa jekundu likaacha kupita. Yalipita ya bluu, yakapita ya kijani, Mjusi akayapungia yote, na hakuna lililoinama. Aliendelea kupunga mpaka mkono ukawa haufiki juu ya kizingiti cha dirisha. Ndipo shaka ikamwingia, nayo shaka kwa mgonjwa ni ugonjwa wa pili.

"Mnanifariji tu," alimwambia dada yake. "Mimi nimefanya kazi juu. Ukiwa juu, watu ni kama karanga zilizomwagika. Nani ataliona dirisha moja? Lile bawa lilikuwa linayumba tu, na mimi nikajitia maalumu."

"Basi nitapanda mwenyewe nikaangalie," fundi alisema. Alikuwa ameshika kikombe cha dawa, na alitaka tu anywe.

Mjusi alicheka, kicheko cha mwisho ambacho dada yake anakikumbuka. "Wewe? Unayepanda kigoda kufunga pazia huku umefumba macho?"

"Nitapanda. Kwa macho yangu. Halafu nitakuja kukuambia."

"Ukweli?"

"Ukweli."

"Hata kama halionekani?"

"Hata kama halionekani. Kunywa."

Akanywa. Hakungoja jibu; alifariki kabla dada yake hajapanda.

"Nilivunjika bega," rubani alisema sasa. Alikuwa ameketishwa kwenye benchi la wateja, na magoti yake marefu yalikuwa yamekaribia kidevu. "Nilitua vibaya. Nikalala kitandani muda wote huo. Wenzangu hawakujua habari ya kitambaa. Lilikuwa jambo letu, mimi na yeye. Mwanzoni nilidhani ni nguo imeanikwa, nikaisalimia kwa mzaha. Nguo ikanisalimia."

"Kwa hiyo ulikuwa unamwona."

"Sana, dada. Kuna siku nilikuwa na mgeni anatapika, na bado niliinamisha bawa. Alinitukana mpaka chini."

Ngazi zililia. Mama mtu alikuwa akishuka, mkono ukutani. Tangu mazishi alikuwa akishinda chumba cha juu, dirisha ameliwekea komeo, kile kitambaa cha manjano amekikunja ndani ya foronya ya mwanawe. Alikuwa amesikia yote; nyumba ile haikuwa na dari ya kuzuia maneno.

"Mwanangu alipunga mpaka mkono ukamsaliti," alimwambia mgeni. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Kitandani, mama."

Mama alimtazama, macho yakiishia kwenye lile bega lililokaa chini kidogo kuliko mwenzake. Kisha akamwambia binti yake, "Mpe chai. Amekonda."

Fundi aliandaa chai. Alipoimimina, maneno yakamtoka kabla hajayapima, yeye ambaye hupima mara mbili ndipo akate. "Rubani, nipandishe. Nilimwahidi."

"Si nimekwisha kukuambia nilimwona? Nenda kamwambie."

"Nilimwahidi macho yangu. Siwezi kumpelekea macho ya kuazima."

"Wewe!" Mama aligeuka. "Nilikuwa na macho mawili, moja limezimika. Hili lililobaki ndilo unataka kulirusha hewani?"

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Fundi hakumjibu mama yake kwa ukali, wala hakumlaumu. Alingoja mpaka mgeni alipomtajia siku ya kuja kilimani, akaenda zake na shuka lake, ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Mama, siku nikipanda, fungua dirisha. Punga kile kitambaa. Nitajua mahali pa kuangalia."

Mama akaanza kupanda ngazi, mkono ukutani.

Siku ya kwenda kilimani, fundi alitoka na futi yake ya kupimia shingoni kwa mazoea. Juu ya kilima palikuwa na jukwaa la mbao lililoelekea bondeni, likaishia patupu, kama daraja lililosahauliwa na wajenzi.

"Toa kila kitu mfukoni," rubani aliamuru. "Hewani kitu kidogo kikidondoka ni jiwe."

Zikatoka pini, kidole cha chuma cha kushonea, chaki, vifungo vya aina mbalimbali na kijigurudumu cha uzi. Rubani akanyoosha mkono kuidai ile futi.

"Na hiyo? Ulitaka kupima upana wa mawingu?"

Alimvika gwanda la mikanda, akamfunga kwenye kulabu moja na yake, kisha akamlazimisha alale, aning'inie pale pale chini ya bawa kabla hawajapiga hata hatua. Fundi akabembea kama nguo kwenye kamba. Aliangalia mishono ya mikanda. Ilikuwa imerudiwa, tena na tena, uzi mnene. Aliyeshona alijua kazi. Hilo pekee lilimpa pumzi.

"Mimi na kila mgeni tunaning'inia kwanza," rubani alisema. "Kulabu iliyosahaulika haikukumbushi mpaka umeshatoka jukwaani. Sasa sikiliza. Tutakimbia. Usiruke, usikae. Wengi hukaa mapema, wanadhani hewa ni kiti. Wewe kimbia mpaka miguu ikose kitu cha kukanyaga."

"Nikiogopa?"

"Ogopa huku unakimbia."

Akakimbia. Alikimbia kwa miguu ya kanyagio, miguu iliyozoea kwenda pasipo kufika popote, na ubao ukaisha, na miguu yake ikaendelea kukimbia hewani mpaka rubani alipomgusa bega. "Basi, dada. Tumeshafika juu."

Hakufumba macho. Machozi yalimtoka, na upepo ukayafuta kabla hayajashuka. Chini yake mji ulikuwa umetandazwa kama kitambaa juu ya meza ya kukatia, barabara zikiwa mistari ya chaki, na mwisho wa yote bahari, pindo la bluu. Palikuwa kimya. Alikuwa ametegemea kelele. Kumbe ndivyo palivyokuwa. Huku ndiko Mjusi alikokuwa akitazama siku zote zile.

"Mtaa wenu ule," rubani alisema.

Aliona mapaa. Mapaa ya bati, yenye kutu na yasiyo na kutu, matangi ya maji, nguo zilizoanikwa. Alitafuta dirisha. Alitafuta kitu cha manjano. Palikuwa na nguo nyekundu, nyeupe, za bluu.

"Lilikuwa kulia kwa tangi jeusi," rubani alisema, akizungusha bawa. Halafu akatazama vizuri. Matangi yote yalikuwa meusi. Akazunguka tena, shingo ameinyoosha.

"Silioni," fundi alisema.

"Hata mimi." Akalinyoosha bawa. "Pole, dada. Pasipo kitambaa, mimi mwenyewe sijawahi kulijua."

Hata hivyo, kabla ya kuuacha mtaa, aliliinamisha bawa upande huu, kisha upande ule. Fundi alihisi mwili wake ukiinama pamoja nalo, akisalimia mapaa yote kwa kuwa hakujua lipi ni lake. Wakaenda, wakatua mchangani.

Nyumbani alimkuta mama ameketi kitandani mwa Mjusi. Dirisha lilikuwa limefungwa. Kitambaa cha manjano kilikuwa mapajani mwake, kimekunjuliwa, na mistari ya mikunjo bado ilionekana.

"Kivuli chenu kilipita kwenye upenyo, pale ukutani," mama alisema. "Nilishika komeo. Mkono ukakataa. Nikasema nikilifungua na upepo ukaingia, harufu yake itatoka yote." Akainua uso. "Lakini uliliona dirisha, siyo?"

"Hapana, mama."

"Huku karibu na tangi..."

"Hapana."

Mama alikikunja kitambaa mara mbili, mara nne. "Basi mwambie uliliona. Itakugharimu nini? Alikufa akiwaza tulimdanganya. Mfurahishe."

"Alinitaka ukweli."

"Ukweli wa kumsaidia nini aliye udongoni? Na mimi je? Nikae nikijua kwamba niliachiwa kumpungia mwanangu mkono mara moja tu, nikashindwa?"

Fundi alisogea karibu. Alichuchumaa, akaishika miguu ya mama yake, ikiwa baridi kama vyuma vya cherehani asubuhi. Akakaa hivyo. Kisha akasimama na kwenda makaburini, na alipofika nusu ya njia alisikia kandambili za mama zikimfuata kwa mbali.

Udongo wa kaburi ulikuwa umeanza kushuka katikati. Fundi alipiga magoti. Mama alisimama nyuma yake, hakusogea.

"Mjusi," alisema. "Nimepanda. Sikufumba macho. Nimelitafuta dirisha, na halionekani."

Nyuma yake mama alivuta pumzi kwa meno, kama mtu aliyechomwa sindano. Fundi alitamani kuishia hapo, ageuke, amkumbatie. Akaendelea.

"Halionekani kabisa. Hata rubani halijui. Alipoacha kukujibu alikuwa amevunjika bega, na wenzake hawakujua habari zako. Lakini kabla ya hapo alikuwa anakuona. Dirisha hakuliona hata siku moja. Alikuwa anakuona wewe."

Kandambili zikageuka, zikaanza kurudi nyumbani polepole, bila kumngoja. Alizisikiliza mpaka zikapotea. Alijua jioni hiyo wangekula bila kuzungumza, na pengine kesho, na pengine hata mwezi ujao.

Lilibaki jambo moja. Alikuwa ameliona kutoka juu, na njia nzima alikuwa ameamua kulificha, maana lilikuwa dogo na halikuwa na faida kwa mtu yeyote. Alisawazisha udongo kwa kiganja. Kisha akainama karibu, kama anavyoambiwa mtu siri.

"Na lile jengo lako la kijani," alisema, "la mwisho kulipaka. Upande wa baharini, rangi imeanza kubanduka."