Utumbo wa Bata Mzinga Wakataa Maiti

Jana usiku niliota nampeleka maabara kifaranga wa bata mzinga aliyekufa, nimemtia kwenye mfuko wa rambo. Hiyo si ajabu. Leo ndiyo nilipanga kwenda. Vifaranga wangu wa wiki tatu wanaharisha povu la njano. Walikuwa mia mbili, wamebaki mia na arobaini. Shemeji yangu Mwaisaka alisema niwape dawa ya bakteria. Nimewapa siku sita. Wanakufa tu.

Mlango wa maabara ulikuwa mlango wa banda langu. Umebandikwa karatasi: USICHANGANYE RIKA. Mlinzi, bata mzinga dume, akanizuia.

"Una miaka mingapi?"

"Hamsini na mbili."

"Na huyu?"

Nageuka. Nyuma yangu nimesimama mimi mwenyewe, wa miaka kumi na minne, na sare ya shule.

"Huyo aende banda la pili. Nyie wakubwa mnaambukiza wadogo."

Yule mimi mdogo akaenda bila kuniaga.

Ndani ni ofisi ya kijiji. Mezani umekaa utumbo, umejikunja vizuri, umeshika kalamu.

"Shikamoo," nikasema. Sikujua umri wake.

"Marahaba. Umeleta nini?"

Nikamtoa kifaranga.

"Kafa lini?"

"Juzi."

"Sasa bwana, unataka nihoji maiti? Huyu keshaoza. Hapa sioni kirusi, naona uozo."

"Sikutaka kuwasumbua walio hai."

"Wasumbue! Aliyeanza kuharisha leo ndiye mwenye habari. Na hiyo dawa yako, kirusi hakiiogopi."

"Shemeji ndiye aliyesema."

"Shemeji yako ana hadubini?"

"Ana pikipiki."

Utumbo unaandika hilo.

Mara mkononi nimeshika kifaranga mzima. "Fanya haraka, baba," ananiambia, "tumebaki wachache." Anaharisha ndani ya kichupa. Utumbo unakifunga.

"Kifike maabara kikiwa baridi."

"Sina barafu."

"Kwapa unalo." Ukakisukumiza humo. Nikapiga yowe.

Nikaamka. Kumeshakucha. Mke wangu Atupele ananitikisa.

"Baba Lusajo, una nini? Na hili kwapa mbona limeganda?"

Nikapapasa. Nywele zilikuwa na chembe za barafu. Nilikuwa nimejifunika mablanketi mawili, na sisi hatuna friji.

"Nenda kwa muuza soda," nikamwambia, "uniombee barafu."

Yule aliyekufa juzi, niliyepanga kumpeleka, nikamzika. Kisha nikaingia bandani kumtafuta aliyeanza kuharisha leo.