Bakuli la Alfalfa la Ruqayya

Mimi ni mtu wa hasira, na sifichi. Wanangu wanajua, majirani wa Kasubi hapa Kampala wanajua, na mkaza mwanangu Ruqayya alijua tangu wiki ya kwanza alipoingia nyumbani kwangu. Ndiyo sababu hakuniambia alichoambiwa kliniki.

Ruqayya alikuwa na mimba ya miezi saba. Ya kwanza ilitoka mwaka juzi ikiwa na miezi mitano, ikamvunja moyo mumewe, mwanangu Wasim. Hii ya pili nilikula yamini kwamba itafika. Kliniki walisema damu yake ni pungufu, basi nikajitwika kazi ya kumlisha.

Kuotesha alfalfa nilifundishwa na Princesse, jirani yangu Mkongo anayewauzia wenye hoteli saladi. Wafugaji wanaijua kama majani ya ng'ombe, kwa hiyo Wasim aliposikia alinicheka. Nikamwambia ng'ombe halalamiki tumbo kama wewe. Mbegu nanunua soko la Nakivubo, zile za kuliwa, maana za kupanda hupakwa dawa. Usiku naloweka kijiko kimoja kwenye chupa ya mdomo mpana, asubuhi namwaga maji, nafunga mdomo wa chupa kwa kipande cha chandarua, kisha nasuuza mara mbili kwa siku. Siku ya tano chupa imejaa vinyuzi vyeupe vyenye vijani vidogo. Vina vitamini C, vina vitamini K inayosaidia damu kuganda mtu akijikata, vina foleti na nyuzinyuzi, na havinenepeshi hata ukimaliza bakuli zima. Mimi mwenyewe choo kilinisumbua miaka, na tangu nianze kula nimepata nafuu. Sioni haya kulisema.

Kwetu, ukoo wa watu waliotoka pwani zamani kwa biashara, mke wa mwana akibeba mimba, mavyaa ndiye anayemwekea chakula cha asubuhi, na anakaa naye hadi amalize. Kukiacha ni kumtukana. Basi kila asubuhi nilimwekea Ruqayya bakuli la alfalfa mbichi yenye ndimu na chumvi, nikakaa. Alikula. Siku nyingine alitafuna polepole mno, nikamwambia aache kudeka.

Wiki ya sita ya kumlisha hivyo aliamka na homa, tumbo linamwendesha, midomo imemkauka. Mtoto alikuwa hachezi tangu jana yake. Wasim alikuwa safarini Arua, kwa hiyo nilimpeleka mimi kwenye kliniki yake, upande wa Lubaga. Njia nzima nilikuwa nimemshika tumbo, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Muuguzi aliyetupokea anaitwa Moreen. Alimtundikia maji, akachukua choo cha kupima, akauliza mgonjwa amekuwa akila nini. Nikamweleza habari za alfalfa kwa maringo, nikitaja vitamini zote.

"Mbichi?" akauliza.

"Mbichi. Ukipika, vitamini zinakufa."

Akafungua kadi ya Ruqayya, akanionyesha mstari alioandika wiki tatu nyuma kwa kalamu nyekundu. Mbegu zilizochipuka asile mbichi, zipikwe ziive kabisa.

"Mama," akasema, "joto na unyevu wa chupa vinaotesha mbegu, na vijidudu vikiwamo vinazaliana humo humo. Kusuuza hakuviondoi. Mtu mwenye afya huenda akavumilia, lakini mjamzito asijaribu. Ukipika, vitamini C itapungua, basi. Na kama unatafuta damu, chuma humo ni kidogo. Mpe maharage, mpe mchicha wa dodo, na vidonge vyake ameze."

Hakusema kwa hakika kwamba ni alfalfa iliyomwangusha. Alisema inawezekana, na kwangu hilo lilitosha.

Nikamgeukia Ruqayya, nimefura. "Ulijua. Kwa nini ulinyamaza?"

Alikuwa amelala ubavu, sindano mkononi. "Ningesemaje, mama? Ulikuwa unakaa mbele yangu hadi nimalize."

Niliona aibu ya kweli. Mtoto wa watu alikula kitu alichoambiwa kinaweza kumdhuru mwanawe, kwa sababu mimi alinihofu zaidi.

Moreen akaweka kifaa chake tumboni, akasogeza, akasogeza tena. Halafu tukausikia moyo wa mtoto, unakwenda mbio. Nililia. Nikamwomba Ruqayya radhi pale pale, muuguzi anasikia. Mkubwa kumwomba mdogo radhi si kazi nyepesi, lakini niliomba.

Walimlaza, siku ya nne tukarudi nyumbani. Asubuhi iliyofuata nilitia alfalfa kwenye mchuzi wa maharage, nikaichemsha mpaka ikalainika kabisa, nikamwekea. Nikakaa, kwa mazoea. Ruqayya akalitazama bakuli, akanitazama na mimi. Kisha akalisukuma upande wangu.

"Mama, sitaki."

Damu ilinipanda kichwani, siwadanganyi. Maneno yalishafika ulimini. Nikayameza.

"Unataka nini?"

"Chipsi."

Chipsi, saa moja ya asubuhi. Nikainuka, nikatafuta viatu vyangu niende kumnunulia.