Hili ni Tofauti, Alisema Marlys

Gari la Arlen Sundgaard halikufa kwa ajali wala kwa injini. Lililiwa na chumvi. Kwa miaka ishirini na miwili chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji ililitafuna chini kwa chini, na Jumatatu moja ya Februari fundi alilipandisha juu, akagonga chesisi kwa bisibisi, na bisibisi ikazama. Alimwambia Arlen gari hilo halitoki tena gereji ila kwa kuvutwa. Arlen alilitazama kitambo, akasema mambo yangeweza kuwa mabaya zaidi, akarudi nyumbani kwa miguu.

Huku kwetu Minnesota, mtu akikwambia mambo yangeweza kuwa mabaya zaidi, mpe pole.

Lilikuwa gari la chesisi, bodi yake imekalishwa juu ya mifupa ya lori, refu, zito, lenye uwezo wa kuvuta mashua kiangazi na kibanda cha kuvulia samaki juu ya barafu wakati wa baridi. Baba yake aliendesha la namna hiyo hiyo, na Arlen hakuwahi kuwazia jingine. Lakini siku hizi mji umejaa magari ya aina ya pili, yale ambayo kwa chini ni gari dogo la kawaida, limenyanyuliwa kidogo na kuvishwa umbo la gari kubwa. Gaylen, shemeji yake, aliyaita viatu vyenye milango. Britta, binti wa Arlen na mkewe, aliwapigia simu kutoka Duluth akawasihi wachukue hicho kiatu: kinakula mafuta kidogo, hakirukiruki, na theluji ya mjini hakiiogopi. Arlen alimsikiliza mpaka mwisho, akasema ni wazo, maana yake hapana.

Kusema kweli alikuwa na jambo zito kuliko gari, nalo alilibeba peke yake tangu Oktoba. Mkewe Marlys alikuwa ameacha kutoka nyumbani.

Ilianza na karata za Alhamisi, alizokuwa akicheza na rafiki yake LaVonne na wenzao. Arlen alimuuliza mbona hakwenda, naye akajibu, bila hata kuinua macho kwenye ufumaji wake, kwamba amesahau. Baadaye akasahau mazoezi ya kwaya, yeye aliyeimba sauti ya pili kanisani kwa miaka arobaini na hajawahi kukosa hata siku ya dhoruba. Kisha akaacha kwenda dukani, akawa anampa Arlen orodha. Huyu ni mwanamke aliyejua siku ya kuzaliwa ya kila mtoto wa mtaa, na ya mbwa wawili watatu pia. Mama yake, bibi Hildur, alianza hivi hivi. Alisahau kutoka, halafu akasahau njia, na mwisho akamsahau Marlys mwenyewe. Ilichukua miaka saba, na Arlen aliiona yote, kwa sababu bibi alikaa chumba cha nyuma cha nyumba yao.

Hakuuliza. Watu wetu wanaweza kula meza moja miaka arobaini na mitatu, wakapeana viazi na siagi kwa adabu zote, bila kuulizana linalowaua. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini wahenga hao hawakulelewa na Walutheri wa hapa.

Kwa hiyo Arlen alijipigia hesabu zake kimyakimya. Kama Marlys ameshika njia ya mama yake, itabidi ampeleke kwa madaktari Fargo mara kwa mara, mwendo wa saa nzima na zaidi, Januari na Februari zote, upepo ukivusha theluji barabarani. Mtu mwenye mgonjwa wa namna hiyo anahitaji gari zito, la juu, la chuma. Ndiyo maana alitaka la chesisi kuliko alivyowahi kulitaka ujanani. Uvuvi ulikuwa kisingizio.

Jumanne Gaylen alikuja na pikapu yake awapeleke yadi ya kuuzia magari. Marlys akasema hajisikii vizuri. Jumatano Gaylen akaja tena, safari hii na kigari kidogo cha mkewe kwa sababu pikapu ilikuwa imefungwa tela. Marlys alichungulia dirishani, akavaa koti bila neno, akatangulia nje. Arlen alishangaa, akamshukuru Mungu, wala hakufikiri zaidi.

Yadi ilikuwa pembeni mwa barabara kuu, na muuzaji alikuwa mwanamke mwenye miaka arobaini hivi, Delfina Arredondo, mzaliwa wa Texas, aliyemfuata mumewe huku kwenye kazi ya mitambo ya umeme wa upepo. Alikuwa na mwaka mmoja tu Minnesota. Alisema alichofikiri, kwa sauti, ndani ya nyumba, jambo lililowatia watu jasho.

Aliwaonyesha kwanza la chesisi, la kijani kibichi, limesimama nje kwenye theluji. Arlen alilipanda, akashika usukani, akajisikia mtu. Marlys alibaki chini na mkoba wake, akiangalia kile kizingiti cha mlango kilichomfika juu ya goti. Delfina alimkaribisha apande aone viti. Marlys akasema hapana, anaona vizuri tu kutoka hapo.

"Unalionaje?" Arlen alimuuliza.

"Si baya," alisema Marlys.

Sasa, mgeni angeweza kuvunjika moyo. Lakini hapa kwetu "si baya" ni sifa; mtu akila chakula cha harusi akasema si kibaya, mpishi hulala usingizi mnono. Arlen alishuka na moyo mweupe.

La pili lilikuwa ndani ya ukumbi, la aina ya viatu vya Gaylen, rangi ya maziwa yaliyochacha. Gaylen alilizunguka akacheka. "Shemeji, hili huliendeshi, unalivaa," alisema, kisha akaenda kutafuta kahawa. Delfina alifungua mlango wa abiria. Marlys aligeuka, akakaa, akaingiza mguu mmoja, halafu wa pili. Akatazama mbele. Alikaa hivyo kiasi cha Arlen kumaliza kusoma karatasi yote iliyobandikwa kiooni.

"Hili ni tofauti," alisema.

Arlen akajua limekwisha. Katika nchi hii hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Ukimpelekea jirani sahani akasema ni tofauti, usimpelekee tena. Nywele zikiwa tofauti, mwenye nazo huvaa kofia mpaka ziote upya. Alimfuata Delfina mezani, akavua glavu, akaomba karatasi za la kijani.

Delfina hakuzitoa. Alimuuliza, na mama je, amekubali? Arlen akamweleza kwa upole kwamba mama ameshasema, hilo dogo amelikataa. Delfina akakunja uso. Alisema yeye alikuwepo pale pale na hakusikia kukataa kokote, alisikia tofauti. Arlen akasema ndiyo, tofauti.

"Baba yangu, kwetu tofauti ni tofauti," alisema Delfina. "Na kama amelikataa, mbona bado amekaa ndani?"

Arlen aligeuka. Kupitia kioo cha ofisi alimwona mkewe amekaa wima katika kile kigari cha rangi ya maziwa, koti limefungwa vifungo vyote, mkoba juu ya mapaja, macho mbele ukutani. Robo saa nzima ilikuwa imepita.

Asubuhi moja, miaka ile ya mwisho, walimtafuta bibi Hildur nyumba nzima, wakamkuta gereji, ndani ya gari lililozimwa, wima, mkoba mapajani. Walipomuuliza anakwenda wapi hakujua. Alijua tu kwamba anangoja. Arlen ndiye aliyemshika mkono akamtoa. Sasa alivuka ukumbi ule akijiambia usikimbie, usimtishe, na kijasho chembamba kilimtoka ingawa nje ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri. Aliogopa kama mtoto.

Aliinama mlangoni. "Marlys," alisema. "Unajua tuko wapi?"

Marlys alimtazama. "Tuko yadi ya magari. Kwani wewe ulidhani tuko wapi?"

"Mbona hushuki?"

"Sijataka kushuka."

Hapo Delfina, aliyekuwa amewafuata, akafanya jambo ambalo mtu wa hapa asingelifanya hata kwa kulipwa. Alichungulia ndani akauliza waziwazi, "Mama, gari hili unalitaka au hulitaki?"

Marlys aliangalia mkoba wake. Akaangalia kile kioo cha ofisi, kama kuna mtu wa kumwokoa. Wekundu ulimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni.

"Nalitaka," alisema.

Delfina, ambaye pamoja na sauti yake alikuwa na akili, akajifanya amekumbuka kazi upande wa pili wa ukumbi, akaondoka.

"Lakini umesema ni tofauti," alisema Arlen.

"Nimesema tofauti kwa sababu ni tofauti. Nimekaa mwenyewe, Arlen. Nimekaa tu, kama mtu anavyokaa. Hukuona?"

Hakuwa ameona. Alikuwa anasoma karatasi ya kiooni.

Basi Marlys akasema, akiutazama ukuta, maana kumtazama mtu usoni na kusema yote kwa pamoja ilikuwa mzigo mkubwa. Alisema magoti yalianza kiangazi. Alisema lile gari la zamani alilipanda kwa kushika mpini wa juu na kuomba Mungu, mpaka ile Jumapili ya Septemba, mbele ya kanisa, mpini ulipomponyoka na Arlen akamsukuma kwa bega kutoka nyuma, hop, mbele ya kina mama wote waliokuwa wanatoka na sahani zao za chakula cha pamoja. Arlen aliikumbuka vizuri siku hiyo. Alidhani walicheka wote.

"Walicheka wao," alisema Marlys. "Mimi nilifika nyumbani nikaapa sipandishwi tena kama gunia la viazi. Na pikapu ya Gaylen ni hivyo hivyo, ni juu zaidi."

"Ungeniambia."

"Ungeuza gari unalolipenda kwa ajili ya magoti yangu. Halafu ungesema hakuna tabu, na ungekuwa na tabu miaka kumi."

Kweli, angefanya hivyo hasa. Swali la pili lilikuwa gumu kulitoa kuliko yote aliyowahi kuuliza. "Na karata? Ulisema umesahau."

"Nilisema uongo. Nisahau Alhamisi mimi? LaVonne ananidai marudiano tangu Oktoba. Niliona afadhali udhani nimesahau kuliko kusema siwezi kupanda gari." Akasita, kwa sababu uso wa mumewe ulikuwa umebadilika. "Arlen. Una nini?"

"Nilidhani ni yale ya mama yako," alisema. "Nilidhani yameanza."

Jambo hilo halikuwahi kumpitia Marlys akilini hata mara moja. Yeye aliyemwogesha Hildur, aliyeulizwa na mama yake mzazi wewe ni nani, hakuona kwamba uongo wake mdogo una sura ile ile.

"Tangu lini unadhani hivyo?"

"Tangu Oktoba."

"Na ukanyamaza."

"Na wewe ukanyamaza."

Marlys alinyosha mkono akamshika ukosi wa koti, kwa nguvu, kama anataka kumpiga. "Akili yangu nzima kabisa, mzee," alisema. "Ni magoti ndiyo yaliyochakaa."

Arlen alizunguka, akafungua mlango wa dereva, akaketi. Hofu yote ya tangu Oktoba ilimwachia kwa mara moja, na machozi yakamtoka, mbele za watu, ndani ya gari ambalo hakuwa amelinunua. Alifurahi mno. Alifurahi kwa magoti yale kama mwingine anavyofurahi kuzaliwa mjukuu. Magoti yana dawa, yana sindano, yana daktari wa mifupa. Marlys alimpa leso ya karatasi kutoka mkobani na kumwambia asiguse viti vya watu kwa pua.

Gaylen alirudi na kahawa yake, akawakuta hivyo, akatafuta utani akaukosa. Mwishowe alijikaza akauliza, ikiwa wanachukua hili, kibanda cha samaki atakivuta nani?

Arlen hakuwa amemwomba mtu msaada tangu alipooa. "Wewe, shemeji," alisema.

Gaylen alikunywa kahawa yake funda zima. Akasema sawa, Jumamosi saa tatu, na Arlen aje na kamba yake mwenyewe.

Delfina alipiga mihuri na kutoa funguo kabla ya saa nane. Walitoka taratibu, kigari kikipita juu ya theluji iliyokanyagwa bila kulalamika, na jua jembamba la Februari likiwaingia mapajani. Penye makutano Arlen aliwasha taa ya kushoto, upande wa nyumbani.

"Kata kulia," alisema Marlys.

"Kulia kuna nini?"

"Sijui. Nyumbani nimekaa miezi mitano. Endesha tu."

Arlen akazima taa ya kushoto, akakata kulia.